Munane, Kenda, Kumi: Michezo ya Kuhesabu na Kutegeana Vitendawili katika Madarasa ya Chini, Nyarugusu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanashughulikia jambo ambalo kwa kawaida huachiwa vitabu vya mbinu za kufundishia, nalo ni michezo ambayo mwalimu wa madarasa ya chini huitumia ili watoto wasichoke kusoma. Wanaisimu huipita michezo hiyo wakiwa njiani kuelekea mambo wanayoyahesabu kuwa mazito zaidi, kama vile sera ya lugha na usanifishaji. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mahali kama Nyarugusu, ambapo Kiswahili cha aina zaidi ya moja hukaa katika dawati moja (na mara nyingine bila dawati), mchezo ndio mahali pa kwanza ambapo sera ya lugha hukutana na mdomo wa mtoto. Mtoto anapohesabu mbegu za maharage na kusema “saba, munane, kenda, kumi”, mwalimu hulazimika kuamua papo hapo: amkatize au amwache amalize. Uamuzi huo huchukua nukta chache tu, lakini hurudiwa mara nyingi kwa siku, na kwa jumla yake ndio unaomfanya mtoto aendelee kusema au anyamaze.

Katika darasa lenye watoto wengi kupita kiasi, kunyamaza hakuonekani kwa urahisi kuwa ni hasara. Huonekana kuwa ni adabu.

2.0 Nyarugusu na Lugha Zake

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko wilayani Kasulu, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma. Ilifunguliwa 1996, baada ya vita vilivyozuka Kivu ya Kusini kuwafanya watu wa Uvira, Fizi na vijiji vya mwambao kuvuka Ziwa Tanganyika na kuingia Tanzania. Upande wa kaskazini, Kibondo ilikuwa imekwisha kupokea wakimbizi wengi kutoka Burundi tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, na kambi kama Kanembwa, Mtendeli na Nduta zikafunguliwa huko. Baadaye kambi nyingi za mkoa zilifungwa moja baada ya nyingine: Lugufu 2009, Mtabila 2012. Nyarugusu ilibaki ikiwa kambi ya Wakongo hasa. Aprili 2015 machafuko ya kisiasa yalipoanza Bujumbura, Warundi walipelekwa hapo kwa makundi, na kambi iliyokuwa na watu zaidi ya 50,000 ikajikuta kabla ya mwaka kwisha ina watu waliozidi 150,000. Shule zilijaa mara moja; watoto wengi walianza masomo chini ya miti.

Kwa upande wa lugha, matokeo yake yalikuwa mkutano ambao haukupangwa na mtu. Wakongo wengi wa Nyarugusu ni Wabembe, na wamo pia Wafuliiru na wengineo wa Kivu. Hao huwa na lugha zao za nyumbani pamoja na Kiswahili cha Kongo, ambacho ni mojawapo ya lugha 4 za taifa za nchi hiyo pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba, wakati Kifaransa ndicho lugha rasmi. Warundi wana Kirundi, lugha inayosemwa na karibu kila mtu nchini mwao, jambo ambalo ni nadra katika Afrika. Wenyeji wa Kasulu na Kibondo ni Waha, na Kiha ni jirani wa karibu wa Kirundi kiasi kwamba Mha na Mrundi huelewana bila mkalimani. Juu ya hayo yote kipo Kiswahili sanifu cha Tanzania, ambacho mkimbizi hukikuta kwa mganga, kwa polisi, kwa karani wa uandikishaji na kwa muuza chumvi.

Sera ya Taifa ya Wakimbizi ya 2003 iliweka kwamba wakimbizi wafundishwe kwa mitaala ya nchi walizotoka, kwa matumaini ya kurudi kwao. Kwa hiyo shule za Wakongo zilifuata mtaala wa Kongo, na shule za Warundi ule wa Burundi. Mtoto wa Kikongo hufundishwa mwanzoni kwa lugha ya taifa, yaani Kiswahili, kisha huhamia Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya mitihani yake. Mtoto wa Kirundi huanza kwa Kirundi, na Kiswahili kwake ni somo tu, lililoingizwa katika shule za msingi za Burundi katika miaka ya 2000. Kutokana na hayo Kiswahili sanifu, lugha ya nchi ambayo watoto wote hawa wanaishi na ambayo wengi wao walizaliwa, hakina mwenyewe darasani. Hakitahiniwi, wala hakikatazwi. Huingia kwa mlango wa uani, na mlango huo mara nyingi ni mchezo.

3.0 Siku ya Mwalimu

Ni vizuri kukumbuka kwanza ni mwalimu wa namna gani anayezungumzwa. Mwalimu wa shule ya kambini kwa kawaida ni mkimbizi mwenyewe. Hapati mshahara bali posho, na Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamfunga, kama inavyowafunga wanafunzi wake, asitoke nje ya kambi pasipo kibali. Asubuhi kabla ya kushika chaki amekwisha kufikiria maji na kuni. Siku ya mgao wa chakula darasa lake hupungua, kwa kuwa watoto wamekwenda kuwasaidia wazazi kubeba, na yeye mwenyewe pia ana kadi ya mgao mfukoni. Shule nyingi zimelazimika kuwa na mikondo miwili kwa siku, wa asubuhi na wa mchana, ili chumba kimoja kitumikie madarasa mawili. Watoto mia moja au zaidi katika chumba kimoja si habari ya kushangaza.

Katika hali hiyo neno “zana za kufundishia” hubadilika maana. Vitabu vya mbinu husifu kadi za silabi, picha za rangi na chati za ukutani. Mwalimu wa Nyarugusu ana ardhi. Mvua za nyanda za juu zinapoanza, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei, udongo mwekundu wa uwanjani huwa ubao usiohitaji chaki, na mtoto huweza kuandika kwa kidole au kijiti, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Kiangazi udongo huo huwa vumbi, na herufi hazikai. Ana pia mbegu, kokoto, vijiti, majani na vizibo vya soda. Zaidi ya yote ana watoto wenyewe, ambao ni wengi mno kwa kuketi na wanatosha kabisa kwa mchezo. Mengi yaandikwayo juu ya madarasa makubwa huutaja wingi huo kwa sura ya balaa peke yake. Kwa somo la kusoma kweli ni balaa. Kwa somo la kuhesabu hali si hiyo moja kwa moja, kama itakavyoonekana.

Elimu ya mwalimu huyu nayo ina historia yake. Kama alisoma Zaire ya zamani au Kongo ya baadaye, alisoma kwa Kifaransa. Kiswahili chake ni cha Uvira au Baraka, alichokipata nyumbani, sokoni na kanisani. Daftari huliita “kaye”, chaki “kre”, ubao “tablo”. Watanzania husikia maneno hayo wakacheka, wakisahau kwamba “chaki” limetoka Kiingereza na “daftari” limepitia Kiarabu. Mrundi naye husema “ikayi”. Kwa maneno ya shuleni hakuna hata mmoja kati ya hawa watatu aliye na haki ya kumcheka mwenzake.

4.0 Kuhesabu

4.1 Majina ya Tarakimu

Mwalimu anapowaketisha watoto katika mduara na kuwataka wahesabu kwa zamu, kila mmoja tarakimu yake, hadi tano hakuna tatizo kubwa. Moja, mbili, tatu, nne (au “ine”), tano. Mrundi husema rimwe, kabiri, gatatu, kane, gatanu, na hata asiyejua Kirundi husikia kwamba huyu ni ndugu. Baada ya tano ndipo ndugu huachana. Kiswahili sanifu kina sita na saba, Kirundi kina gatandatu na indwi. Kisha inakuja nane: Mkongo husema “munane”, Mrundi “umunani”. Kisha inakuja tisa: Mkongo husema “kenda” na Mrundi “icenda”. Kwenye kumi na icumi wote hukutana tena.

Maelezo ya kihistoria yanajulikana. Sita, saba na tisa ni maneno ya Kiarabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni ya Kibantu. Kabla ya maneno ya Kiarabu kutawala, mwambao nao ulikuwa na mtandatu kwa sita na fungate kwa saba. Hilo la pili limebaki katika siku 7 za harusi, na wengi walitumiapo hawajui kwamba wanahesabu. Kenda nayo ilikuwa ya mwambao. Imo katika vitabu vya sarufi vya karne ya 19 sambamba na tisa, na kamusi za leo bado zinaitambua. Misafara ya akina Tippu Tip ilipokipeleka Kiswahili Maniema na ng’ambo ya Tanganyika katika nusu ya pili ya karne hiyo, neno kenda lilikuwa bado hai, na huko lilikutana na lugha ambazo tayari zilikuwa na neno linalofanana nalo. Likapata makao. Mwambao ulilisahau, bara likalitunza.

Kwa hiyo mwalimu anayemwambia mtoto wa Kikongo kwamba “kenda si Kiswahili” anasema jambo lisilo kweli. Anachoweza kusema kwa haki ni kwamba kitabu cha Tanzania huandika tisa. Tofauti kati ya kauli hizo mbili si ya heshima tu. Ya kwanza inamwambia mtoto kwamba alichokuja nacho kutoka nyumbani ni takataka, ya pili inamwongezea neno.

Mchezo unaofaa hapa ni rahisi sana. Mduara unahesabu, na kila anayefikiwa na tarakimu ya tisa huruka juu na kutaja majina yote anayoyajua ya tarakimu hiyo, na akisahau moja mduara mzima humkumbusha. Watoto wa Kikongo na wa Kirundi wakiwa pamoja uwanjani (jambo ambalo mitaala miwili hailipi nafasi rasmi, lakini mapumziko huwa nayo), huonekana haraka kwamba kenda na icenda ni neno moja lenye nguo mbili, na kwamba tisa ni mgeni ambaye wote wawili wanapaswa kumkaribisha. Mtoto wa Kiha wa kijiji cha jirani angeruka na hao ndugu wawili, si na kitabu cha Dar es Salaam. Ni jambo la kufikiriwa kwamba katika nyanda hizi neno sanifu ndilo la wachache.

4.2 Makumi

Mbele ya kumi kuna suala jingine, nalo linagusa hesabu yenyewe wala si lugha peke yake. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini: majina haya hayamwambii mtoto chochote juu ya mbili, tatu, nne na tano. Inambidi ayakariri kama mtu anavyokariri majina ya wageni. Kirundi husema mirongo ibiri, mirongo itatu, yaani makumi mawili, makumi matatu. Kiswahili cha Kongo nacho mara nyingi husema “makumi mbili”, “makumi tatu”. Jina lenyewe linafundisha kwamba 20 ni mafungu mawili ya kumi.

Mwalimu akiwapa watoto vijiti na kuwafundisha kufunga kumi kumi kwa ukambaa wa mgomba, mafungu manne na vijiti saba huitwaje? Mtoto aliyezoea “arobaini na saba” hana budi kutafsiri toka sauti hadi fungu. Mtoto aliyezoea “makumi ine na saba” anasoma tu kilichopo mbele yake. Hii ni faida ambayo Kiswahili sanifu kilikuwa nacho kikaiacha, wala hakuna sarufi inayokataza “makumi manne na saba” kama hatua ya kupitia. Neno la Kirundi mirongo lina ndugu yake katika Kiswahili, yaani miongo, ambalo zamani lilihesabu siku kwa makumi na sasa limebaki kuhesabu miaka. Inafaa mafungu yahesabiwe kwanza kwa makumi, mpaka kila mtoto aweze kuonyesha kwa vijiti, ndipo ishirini na wenzake waletwe kama majina ya mkato ya mafungu yanayojulikana tayari.

Hapana haja ya kuwahurumia watoto hawa kupita kiasi kwa ugumu huo, kwani ule unaowangoja ni mkubwa zaidi. Kifaransa kinachofundishwa Kongo na Burundi kimefuata desturi ya Ubelgiji na kusema septante kwa 70 na nonante kwa 90, jambo la nafuu; lakini kwa 80 husema quatre-vingts, yaani ishirini nne. Mtoto aliyefunga vijiti makumi makumi atatakiwa siku moja kuvifungua na kuvifunga upya kwa ishirini.

4.3 Upatanisho

Yote tisa, kumi ni upatanisho wa kisarufi. Hapa ndipo mchezo unapopata kazi ambayo maelezo ya ubaoni huishindwa.

Kiswahili sanifu hupatanisha tarakimu za Kibantu na nomino na kuyaacha maneno ya Kiarabu, pamoja na kumi, bila kiambishi. Husemwa mtoto mmoja, watoto wawili, watatu, wanne, watano, kisha watoto sita, saba, kisha kiambishi kinarudi kwa ghafula katika wanane, halafu kinatoweka tena katika tisa na kumi. Kirundi hupatanisha kuanzia moja hadi sita pasipo kukatika: umwana umwe, abana babiri, batatu, bane, batanu, batandatu, kuanzia saba hakipatanishi tena: abana indwi, umunani, icenda, icumi. Mifumo hii miwili inatofautiana mahali pawili tu, yaani kwenye sita na kwenye nane. Uchanganuzi linganishi unatabiri basi kwamba mtoto wa Kirundi ataelekea kusema “watoto wasita”, akiongeza kiambishi kisichotakiwa, na “watoto nane”, akikiacha kinachotakiwa. Hayo si makosa ya uvivu. Ni matokeo ya mtoto mwenye akili timamu kufuata kanuni anayoijua. (Kuhusu nane, hata watu wazima mijini husema “watu nane” bila kushtuka, na hapana awakatizaye.)

Mtoto wa Kikongo ana njia nyingine. Katika Kiswahili chake viambishi vya nomino vimebaki imara, tena kwa sura ya zamani: batoto, bantu, bitabu, bintu. Tarakimu yenyewe mara nyingi haibadiliki: “batoto mbili”, “bitabu tano”, ingawa wapo wasemao “babili” kwa kuvutwa na lugha za nyumbani. Kiambishi hicho cha ba- si uharibifu wa wa-. Kina umri mkubwa zaidi, na Kirundi, Kiha na Kibantu kilicho kingi kinacho. Msomi aliyezoea kufikiri kwamba wa- ndiyo asili na ba- ni lafudhi ya bara anapaswa kugeuza ramani yake.

Mchezo unaopendekezwa unaweza kuitwa “tafuta wenzako”. Watoto huwa uwanjani, kila mmoja akiwa na vijiti, majani na mbegu mbele yake. Mwalimu hapigi kelele ya jina la kitu, hutaja tarakimu yenye kiambishi tu. Akisema “wanne!”, watoto hukimbia na kushikana wanne wanne. Akisema “vitatu!”, kila mmoja huinua vijiti vitatu. “Matano!” ni majani. “Mbili!” bila kiambishi chochote ni mbegu. Anayeinua majani aliposikia vi- anatoka kwa raundi moja, kisha hurudi. Watoto wadogo wakitolewa moja kwa moja, mchezo huwa ni wa wale wasiohitaji kufundishwa.

Kisha mwalimu husema “sita!”, na hapo kila kitu husimama. Sita nini? Watoto hutazamana. Baadhi huinua mbegu, wengine huanza kushikana, wengine humtazama mwalimu kwa mashaka, na mmoja hatakosa kuuliza kwa sauti: “Sita nini, mwalimu?” Swali hilo ndilo somo. Mtoto amegundua kwa miguu yake kwamba sita haibebi alama ya kitu kinachohesabiwa, na kwamba ni lazima nomino itajwe: “Watoto sita!” Raundi ifuatayo ni saba, nayo huleta swali lile lile. Halafu mwalimu husema “wanane!”, na waliokuwa wameanza kukata tamaa na viambishi husikia kimerudi. Neno “manane” litawachekesha wale wanaolijua katika usiku wa manane peke yake. Baada ya wiki chache wa mchezo huu, jedwali la upatanisho ubaoni huwa ni kumbukumbu ya jambo lililokwisha kutokea.

Hapa ndipo wingi wa watoto unapokuwa msaada. Kwa watoto kumi na wawili “wanane!” hutoa kundi moja na mabaki wanne wenye huzuni. Kwa watoto mia na nne hutoa makundi kumi na matatu, hakuna anayebaki, na hesabu ya kugawanya imeingia bila kutangazwa.

5.0 Lini Kusahihisha

Yapo maoni mawili yanayosikika juu ya suala hili. Wapo wasemao kwamba madhali mtaala ni wa Kongo na mtoto anatazamiwa kurudi, Kiswahili sanifu cha Tanzania ni mzigo usio wake, na aachwe na “batoto” wake. Wengine husema kwamba mtoto anaishi Tanzania, na kila siku anayopita bila Kiswahili cha Tanzania inampunguzia nafasi, hivyo kila kosa lisahihishwe pale pale. Maoni ya kwanza yanasahau foleni ya zahanati, ambapo mama humtanguliza mtoto wake wa miaka 8 aseme na mganga. Maoni ya pili yanasahau kwamba mtoto anayekatizwa katikati ya hesabu hupoteza hesabu.

Njia inayofaa ni kugawa wakati. Ndani ya mchezo, mwalimu hujibu maana. Mtoto akisema “Tuko batoto munane”, jibu ni “Ndiyo, mko watoto wanane”, na mchezo unaendelea. Sura sanifu imesikika mdomoni mwa mwalimu, hakuna aliyeaibishwa, na mwenye masikio ameipata. Wakati wa kuandika, sheria ni nyingine: ubao hugawanywa kwa mstari, upande mmoja huandikwa kile kisemwacho nyumbani, upande wa pili kile kiandikwacho kitabuni, na watoto wenyewe ndio hutoa maneno ya pande zote mbili. Upande wa kwanza usiitwe “makosa”. Ukiitwa hivyo hautapata maneno tena.

Ugumu halisi wa njia hii haumo kwa mtoto bali kwa mwalimu. Ili ajibu “wanane”, lazima awe nalo, na mwalimu wa Baraka au Fizi analo “munane” kama mwanafunzi wake. Kumtaka ajifanye Mtanzania mbele ya watoto wa jirani zake ni kumtaka kazi ya kuigiza juu ya kazi ya kufundisha, kwa posho ile ile. Inatosha ajue mahali hasa ambapo Kiswahili chake na cha kitabu huachana, na mahali hapo si pengi: viambishi vya ba- na bi-, upatanisho wa tarakimu, sauti za th, dh na gh ambazo kwake ni s, z na g, na maneno kadhaa ya shuleni. Orodha hiyo inaingia katika ukurasa mmoja. Mafunzo ya siku 2 juu ya ukurasa huo yangemfaa mwalimu kuliko semina ndefu juu ya mbinu shirikishi, ambazo kwa kweli anazo tayari kwa kukosa kitu kingine.

6.0 Kitendawili

Mchezo wa pili wenye faida ni wa mwisho wa kipindi, jua linapokuwa kali na vijiti vimekwisha kutawanyika. Mwalimu husema “Kitendawili!” na darasa huitikia “Tega!” Warundi nao wana wito wao, “Sokwe!”, unaoitikiwa “Niruze!” Wito huu hufanya kazi ambayo kengele haifanyi: hunyamazisha na kuamsha kwa pamoja. Mwalimu mwenye busara huachia wito wowote utumike, kulingana na mtegaji, na baada ya siku chache Wakongo huitikia “Niruze” kwa sauti kubwa kuliko wenyewe.

Kwa mwalimu wa lugha, kitendawili ni sentensi fupi iliyokamilika kisarufi, ambayo mtoto huisema mbele ya watu bila kuona kwamba anafanya zoezi la kusema mbele ya watu. “Nyumba yangu haina mlango” ina kimilikishi kilichopatanishwa, kikanushi na nomino mbili. Mtoto anayeona haya kujibu swali la mwalimu hutega bila haya, kwa kuwa safari hii yeye ndiye anayejua jibu na mwalimu hajui. Lahaja nayo hapa husamehewa kwa desturi yenyewe, maana kitendawili hutegwa kama kilivyosikiwa kwa bibi. Akitega kwa Kibembe na kutafsiri, darasa lote hupata kazi ya kupima kama tafsiri imelibakiza fumbo au imelifichua, na hakuna zoezi la tafsiri katika vitabu linalolifikia hilo.

Lakini kuna kipengele kimoja ambacho Nyarugusu hukipa uzito wa peke yake. Desturi ni kwamba wasikilizaji wakishindwa, mtegaji husema “Nipeni mji”. Hupewa mji, na akiridhika nao husema amekwenda, amefika, ameona hiki na hiki, ndipo hutoa jibu. Akiukataa, hupewa mwingine mkubwa zaidi. Katika shule ya Dodoma au ya Tanga watoto watatoa Arusha, Mwanza, Unguja. Watoto wa Nyarugusu hutoa Uvira, Baraka, Fizi, Makamba, Rutana, Bujumbura. Wengi wao walizaliwa kambini baada ya 1996 au kuletwa mgongoni 2015, na miji hiyo wanaijua kwa masimulizi ya wazazi tu. Mtegaji anapokwenda Baraka na kueleza alichokiona huko, hueleza ziwa, mitumbwi na samaki kwa undani ambao mtu aliyekulia penye udongo mwekundu, mbali na maji, hakuupata kwa macho yake. Mwalimu aliyetoka Baraka husikia wapi masimulizi yamekosea. Hapo napo ana uamuzi wa kusahihisha au kuacha.

Na ikitokea mtoto mmoja akasema “Nakupa Nyarugusu”, huwa kuna ubishi. Wengine hukataa kwamba si mji. Wengine husema kwa wingi wa watu wake ni mji kuliko Kasulu. Hoja yenye nguvu zaidi, ambayo watoto wa darasa la pili huweza kuifikia bila msaada, ni ya kisarufi na ya kimchezo kwa pamoja: mtu hawezi kusema “nilikwenda Nyarugusu” akiwa Nyarugusu, kwa sababu kitenzi kwenda kinahitaji mahali pa kutokea. Mtegaji huombewa mji mwingine, au huamua kuupokea huo huo, akasema kwamba amekwisha kufika, na kutoa jibu pale pale alipo: yai.